Safari za Makanisa kwa Watoto wa Haiti (Sehemu ya Pili): Fedha za Wageni na Familia za Watoto

Safari fupi ya kimisheni ni ziara ya waumini wanaovuka mpaka wa nchi yao kwa wiki moja au mbili ili wafanye kazi ya kujitolea. Marekani ndiyo kitovu chake. Mwanasosholojia Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton alikadiria katika miaka ya 2000 kwamba waumini wapatao milioni 1.6 wa nchi hiyo walikuwa wakisafiri hivyo kila mwaka. Haiti iko karibu nao, chini ya saa mbili kwa ndege kutoka Miami. Kwa ukaribu huo na kwa umaskini wake, nchi hiyo imepokea wageni wa namna hii kwa miongo mingi.

Mpangilio wa safari unafahamika. Usharika huchangisha fedha kwa barua kwa ndugu na marafiki, kwa kuuza vyakula au kuosha magari siku za Jumamosi. Wasafiri hulipa nauli na malazi, na fungu fulani huenda kwenye makao ya watoto yatima watakayoyatembelea. Wakifika hupaka rangi kuta, hufundisha nyimbo na hadithi za Biblia, hucheza mpira na watoto, hugawa viatu na madaftari. Siku ya kuagana machozi huwatoka wote. Hakuna sababu ya kutilia shaka nia yao: agizo la Yakobo 1:27 la kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao wamelichukua kwa uzito, kama George Müller alivyolichukua alipofungua makao yake ya kwanza mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836. Linalohitaji kuchunguzwa ni hali ya watoto wenyewe.

Ripoti ya shirika la Lumos ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba watoto wapatao 30,000 waliishi katika makao ya yatima nchini Haiti, na kwamba asilimia 80 hivi walikuwa na mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Sababu ya kuwapeleka huko ni rahisi kuielewa. Shule nyingi za Haiti ni za binafsi, nazo hutoza ada. Mkulima wa milimani asiye na fedha za ada, sare na chakula akisikia kwamba mahali fulani mwanawe atasoma na kula kila siku, humpeleka. Wazazi wa watoto wenye ulemavu hubanwa zaidi, kwa kuwa huduma za matibabu karibu na kwao hazipo. Mzazi huyo hajamtupa mtoto. Mara nyingi huamini kwamba anampeleka shule ya bweni.

Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba theluthi moja tu ya makao hayo ilikuwa ikipokea angalau dola milioni 70 za Marekani kwa mwaka kutoka kwa wafadhili wa nje, wengi wao makanisa na mashirika ya Kikristo. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Fedha hufuata idadi ya vichwa: makao yenye vitanda vitupu hayapati wageni, na yasiyo na wageni hayapati fedha. Wako wasimamizi waadilifu wanaohangaika kuwalisha watoto walio nao. Wako pia wanaotuma mawakala vijijini kuwashawishi wazazi, kwa sababu mtoto amekuwa njia ya mapato. Mgeni wa wiki moja hana namna ya kuwatofautisha.

Hatari hiyo ilidhihirika baada ya tetemeko la ardhi la Januari 12, 2010. Kabla mwezi haujaisha, Wamarekani kumi wa makanisa ya Kibaptisti walikamatwa wakijaribu kuvuka kwenda Jamhuri ya Dominika na watoto 33 bila hati zilizotakiwa, wakieleza kwamba walikuwa wakiwaokoa yatima. Uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha kwamba watoto hao walikuwa na wazazi, ambao waliwatoa kwa ahadi ya elimu na maisha bora. Karibu wote walirejeshwa kwa familia zao. Kiongozi wa msafara alitiwa hatiani kwa kuandaa safari kinyume cha sheria, akaachiwa Mei mwaka huo kwa muda aliokwisha kukaa rumande.

Madhara ya malezi ya vituoni yamechunguzwa kwa makini zaidi Romania. Kuanzia mwaka 2000, wanasayansi Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao walipelekwa kwa kura kwenye familia za kambo, wengine wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituoni. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto mchanga anahitaji mlezi yuleyule kila siku, anayemjua kwa sauti na harufu. Kituoni walezi hubadilishana zamu, na juu yao huja wageni wanaompakata kwa siku tano kisha hawaonekani tena. Mtoto anayemrukia kifuani kila mgeni humpendeza msafiri, lakini wataalamu wa saikolojia ya watoto huiona tabia hiyo kuwa dalili ya kukosa mtu wa kumshikilia. Ukweli huu ni mchungu kwa wenye upendo wa kweli, na ndiyo sababu unapaswa kusemwa kanisani kabla michango haijaanza.

Sheria na sera zimeanza kubadilika. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasisitiza kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Mwaka 2018 Australia ilitambua usafirishaji wa watoto kwenda kwenye makao ya yatima kuwa sura mojawapo ya utumwa wa kisasa. Afrika Mashariki nayo ina ya kufundisha: Rwanda ilianzisha mpango wa Tubarerere mu Muryango wa kuwarudisha watoto katika familia, na nchini Uganda masista wa Kikatoliki, kupitia umoja wa mashirika yao ya kitawa, wamekuwa wakigeuza makao yao kuwa vituo vya kusaidia familia na kuwarejesha watoto nyumbani.

Makanisa yaliyobadili utaratibu hayakuacha kutoa. Hulipa ada mtoto akiwa kwao, hugharimia maofisa ustawi wa jamii, na huwasaidia bibi na shangazi wanaolea wajukuu na watoto wa ndugu zao. Safari zikiwepo, hutuma watu wenye ujuzi wa kuwafundisha wenyeji, kwa mfano wataalamu wa tiba ya viungo, na si wapakataji wa watoto. Kubwa zaidi, hayakati ufadhili ghafla. Makao yakifungwa kabla familia hazijatafutwa, kutembelewa na kuandaliwa, mtoto huishia mtaani au katika utumishi wa nyumba za watu. Kwa hiyo mfadhili hushauriwa aendelee kulipa gharama za makao mpaka mtoto wa mwisho apate kwao, na kumfuatilia kila aliyerudi kwa miezi kadhaa baada ya hapo.