KITAMBULISHI CHA REDIO KATIKA GUNIA LA KOROSHO

Msomaji wa Visiwani, aliyezoea karafuu kuuzwa moja kwa moja kwa Shirika la ZSTC, huenda akashangazwa na safari ya korosho ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara katika msimu wa 2007/2008 kisha ukaenea, korosho hupimwa na kupangwa daraja katika chama cha msingi, husafirishwa hadi ghala kuu na kuuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI. Mkulima hulipwa mwishoni. Gunia likibadilishwa njiani, yeye ndiye aliye mashakani.

Kitambulishi cha redio, kinachofikiriwa kuwa dawa ya tatizo la namna hiyo, ni kibandiko chembamba chenye chipu na antena. Aina iliyo rahisi haina betri. Hupata nguvu kutokana na mawimbi ya kisomaji, kisha hujibu kwa kutaja namba yake. Magunia mengi husomwa kwa pamoja, umbali wa mita kadhaa. Hata hivyo, maji hufyonza mawimbi hayo. Gunia la korosho isiyokauka vyema, likiwa katikati ya shehena, laweza kukaa kimya ingawa lipo, na karani asiliandike kuwa limepotea kabla ya kulitafuta kwa macho.

Aidha, kitambulishi kinachotaja namba tu hunakiliwa kwa urahisi. Hata chenye ufunguo wa siri chaweza kushindwa: mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA, Marekani, walivunja siri ya chipu iliyotumika katika mamilioni ya funguo za magari, kwa kuwa ufunguo wake ulikuwa wa biti 40 tu.

Zaidi ya hayo, chipu hulitambua gunia, haiijui korosho. Mshono ukifunguliwa na mchanga ukatiwa, namba hubaki ile ile. Wala haimzuii mnunuzi wa kangomba, kwani korosho aliyoipata kwa bakuli vijijini huweza kufikishwa chamani kwa jina la mtu mwingine, na kutoka hapo kumbukumbu zake zikawa safi kabisa.

Hivyo basi, uzito wa kutoka chamani hauna budi kulinganishwa na uzito wa kuingia ghalani, gunia kwa gunia, na lakiri kukaguliwa. Umeme au mtandao ukikatika, kisomaji kihifadhi taarifa zake hadi zitakapoweza kutumwa, na daftari lenye saini za mleta na mpokeaji liendelee kujazwa kila siku.