Msiwaache Watoto Wangoje Peke Yao

Siku za Mtihani wa Serikali zimepita. Kijana amerudi nyumbani. Shati lake jeupe na suruali yake ya buluu vimefuliwa na kuanikwa. Kalamu zake mbili zimewekwa juu ya kabati. Jirani akimwuliza, «Mtihani ulikuwaje?», hujibu neno moja tu, «Vizuri», kisha huingia ndani. Usiku mama husikia kitanda kikilia: mtoto hajalala. Asubuhi simu ya jirani hulia nyuma ya ua, naye huruka kama mtu aliyekanyaga siafu.

Ndugu wazazi, nani kati yetu asiyeijua nyumba hiyo? Toka Bukavu hata Lubumbashi, toka Kisangani hata Kalemie, kila mwaka nyumba nyingi huishi hivyo kwa majuma mazima. Juu ya kujitayarisha kwa mtihani tumesema mengi: mtoto asome mapema, alale mapema, apewe taa na daftari. Lakini juu ya siku zinazofuata hatusemi kitu, kana kwamba kazi ya mzazi imekwisha siku ile ile mwanafunzi alipoiweka kalamu chini. Kumbe sivyo. Kazi ya mwanafunzi imekwisha. Kazi ya mzazi ndiyo kwanza inaanza.

Kwa nini kungoja ni kuzito

Mtihani huu si jambo dogo. Tangu mwaka 1967 ndio unaofunga masomo ya sekondari katika nchi yetu nzima, na pasipo diploma yake hakuna mlango wa chuo kikuu. Kijana hufanya kwanza sehemu ya mwanzo, pamoja na insha ya Kifaransa. Baadaye huja siku nne za kuchagua jibu lililo sawa kati ya majibu mengi. Kisha karatasi huondoka. Husahihishwa mbali na macho ya mwalimu wake, na hakuna awezaye kumwambia habari yake. Kwa miaka kumi na miwili kila kosa lake lilikuwa na mwalimu wa kumwonyesha. Sasa, kwa mara ya kwanza, ametoa kazi yake na hapati jibu.

Tena matokeo hayatoki siku moja kwa wote. Mara nyingi hutangazwa mkoa kwa mkoa. Binamu yake aliye Lubumbashi amekwisha kujua. Yeye aliye Uvira bado anangoja. Zamani watu walikaa karibu na redio wakisikiliza majina, au wakatafuta gazeti lenye orodha. Leo mtahiniwa hutuma namba yake kwa ujumbe wa simu, akarudishiwa alama zake. Njia imekuwa fupi, lakini utulivu haukuongezeka. Maana redio ilikuwa na saa yake, na simu haina saa. Uvumi husema, «Yametoka!», watoto wakakimbia, baada ya saa moja wasikia kwamba ni uongo. Hayo hurudiwa mara tatu, mara nne, na kila mara moyo huanguka.

Lakini liko jambo la tatu, lililo zito kuliko haya yote, nalo halisemwi. Mtoto anajua bei ya masomo yake. Shule ya msingi ya umma haidai karo tangu mwaka 2019. Na katika sekondari wazazi wangali wakilipa, pamoja na gharama za mtihani wenyewe. Mtoto alimwona mama akirudi sokoni na beseni la dagaa kichwani, amechoka. Alimwona baba akiuza baisikeli. Hakusema neno, lakini alihesabu. Basi anapongoja, haogopi tu kuanguka: anaogopa kwamba amekula jasho la wazazi wake bure. Mzigo huo ndio unaomnyima usingizi.

Nyumba mbili

Tuchukue mfano. Tuseme wako vijana wawili wa mtaa mmoja, waliosoma darasa moja na kufanya mtihani siku moja.

Katika nyumba ya kwanza, baba ni mtu mwema na mchapa kazi. Anamtakia mwanawe heri. Lakini kila jioni, ugali na sombe zikiisha kuwekwa, husema, «Usisahau, mbuzi wangu watatu wamo katika mtihani ule.» Wageni wakija, husema tena mbele yao. Mama, kwa hofu yake, humwuliza mtoto kila siku, «Swali lile la hesabu ulijibu nini? Mwenzako alijibu nini?» Na shangazi humwambia dada yake mdogo aliye karibu na mtihani kama huo, «Wewe ukishindwa, tutakuoza.» Hakuna aliyempiga mtoto wala kumtukana. Hata hivyo, baada ya juma moja, kijana hali tena pamoja na wengine. Husema kwamba ameshiba.

Katika nyumba ya pili hakuna fedha zaidi, wala mtoto hana akili zaidi. Lakini jioni ya siku ya mwisho ya mtihani baba alimwita mwanawe nje, wakakaa peke yao. Akamwambia, «Mwanangu, nimekuona ulivyosoma. Mbuzi tuliouza tuliuza kwa hiari yetu; hatukukukopesha, tulikupa. Ukishinda, tutashangilia. Ukianguka, tutaona haya? Hapana. Tutakaa hapa tena, wewe na mimi na mama yako, tutafute njia. Siku ya matokeo, hata yakiwa namna gani, uje nyumbani kwanza.»

Maneno hayo ni machache. Lakini tazameni yalisemwa lini: kabla ya matokeo. Hilo ndilo jambo tunalotaka kuwaambia leo kuliko yote. Baada ya matokeo kila mzazi husema kitu. Akimfariji mtoto aliyeanguka, mtoto hufikiri, «Ananihurumia tu.» Akimsifu aliyeshinda, mtoto hufikiri, «Ananipenda kwa sababu nimeshinda.» Bali neno lililosemwa wakati hakuna ajuaye litakalotokea, hilo mtoto hulisadiki, kwa kuwa halikununuliwa na alama yo yote.

Yafaa kufanya nini siku hizi

Kwanza, msiyarudie maswali ya mtihani. Maji yakimwagika hayazoleki. Karatasi iliyokwisha kwenda hairudi. Kulichambua kila jibu ni kumfanyisha mtoto mtihani mara mia, na mara zote hizo bila msahihishaji.

Pili, mpeni kazi, lakini kazi ya mtu mzima, si ya adhabu. Mkono usio na kazi huupa moyo nafasi ya kuzunguka-zunguka mahali pamoja. Aende shambani na baba. Ashike hesabu ya biashara ya mama. Akae na mjomba fundi seremala au na mshona nguo, ajifunze. Awafundishe wadogo zake kusoma: huko atakumbuka kwamba anajua kitu, na kwamba miaka yake shuleni haikupotea. Tena kazi iwe na kiasi, apate saa ya kucheza mpira na ya kuzungumza na wenzake.

Tatu, alale na ale kwa wakati. Simu isilale kitandani pake. Matokeo yakitoka usiku, asubuhi yatakuwapo bado.

Nne, msimlinganishe na mtoto wa jirani, wala na kaka yake aliyeshinda miaka mitano iliyopita. Kila mtu na mtihani wake.

Tano, zungumzeni naye njia zote mbili, kwa utulivu, kama watu wanaopanga safari. Akishinda, atasoma nini, wapi, na fedha zitatoka wapi? Wazazi wengine huahidi mambo makubwa siku ya furaha, kisha hushindwa kuyatimiza. Akianguka, je? Anaweza kuurudia mwaka wa mwisho. Anaweza pia, akitimiza masharti, kujiandikisha miongoni mwa wale wanaojisomea wenyewe. Prefe wa shule au ofisi ya ukaguzi wataeleza. Anaweza kujifunza ufundi na kurudi kwenye mtihani baadaye. Mtoto aliyeiona njia ya pili kwa macho yake haogopi tena kwamba nyuma ya neno «ameanguka» kuna shimo tupu. Kuteleza si kuanguka, walisema wazee. Na hata aliyeanguka huinuka akionyeshwa pa kushika.

Na kwa binti ni vivyo hivyo. Ndoa si adhabu ya kushindwa mtihani. Anayemtishia binti yake kwa ndoa huyachafua mambo mawili mema kwa mara moja: masomo na ndoa.

Jihadharini na wauzaji wa alama

Wakati huu wa kungoja ndio wakati wa mavuno kwa wadanganyifu. Mtu huja jioni, amevaa vizuri, akasema kwa sauti ya chini, «Namjua mtu huko Kinshasa. Jina la mtoto wako liko hatarini. Ukitoa kiasi hiki, litarekebishwa.» Mzazi mwenye hofu huenda akakopa. Matokeo yakitoka vizuri, mdanganyifu husema, «Unaona?» Yakitoka vibaya, haonekani tena. Katika hali zote mbili hakufanya kitu ila kula.

Hasara ya fedha si hasara kubwa. Hasara kubwa ni ile ya mtoto anayejua kwamba baba amelipa. Akishinda, hatajua kamwe kama alishinda yeye au zilishinda fedha. Tumemnyang'anya mwanetu haki ya kufurahia kazi yake mwenyewe, nasi tumemfundisha kwamba hatukumwamini. Mtu wa namna hiyo akibisha hodi, afungiwe mlango.

Huzuni iliyo kubwa kupita kiasi

Kuogopa kidogo ni jambo la kawaida. Lakini wako watoto ambao hofu yao hugeuka giza. Mtoto asiyekula siku nyingi, asiyelala, anayejitenga na wenzake wote, anayegawa vitu vyake apendavyo, au anayesema, «Heri nisingalizaliwa,» huyo asiambiwe kwamba anajidekeza. Asikemewe, wala asiachwe peke yake. Mwulizeni waziwazi, kwa upole, kama anafikiri kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo baya, bali humfungulia kinywa. Sumu ya panya na dawa za shamba ziwekwe mahali asipofika. Mpelekeni upesi kwa daktari au kwa muuguzi wa kituo cha afya, na mtu anayemheshimu, awe mwalimu, padri au bibi yake, akae naye. Mwaka wa shule hurudiwa, mtoto harudiwi.

Siku yenyewe

Namba ya mtahiniwa iandikwe mapema mahali salama, maana kosa la tarakimu moja limewatoa machozi watu wengi bila sababu. Mtoto mwenyewe ndiye asome habari yake kwanza, si mjomba, si jirani, si umati wa barabarani. Mzazi awe karibu, asimsimamie kichwani. Jibu likionekana kuwa na kosa, mwende pamoja kwa prefe mkaulize, pasipo kelele.

Akipata asilimia 50 au zaidi, ameshinda, basi mshangilieni! Poda nyeupe na imwagwe juu ya kichwa chake, kama ilivyo desturi yetu, na akina mama wapige vigelegele. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini kabla ya kutoka na ngoma mtaani, kumbukeni kwamba pengine nyumba ya tatu kutoka kwenu mlango umefungwa. Humo yumo mwenzake aliyeketi naye dawati moja, naye asikia kila kigelegele. Jioni, poda ikiisha kuoshwa, mtume mwanao akamtembelee. Asiende na mahubiri. Aende tu, akae naye, kama alivyokaa naye miaka yote.

Na ikiwa mlango uliofungwa ni wenu, tendeni kama siku zote. Chakula kipikwe, mtoto aitwe kwa jina lake, apewe nafasi yake mezani. Alie, asikatazwe. Usiku huo usiwe usiku wa kutafuta makosa; wakati wa kuyatafuta utakuja, labda baada ya juma moja, mioyo ikiisha kupoa. Usiku huo awe na hakika ya jambo moja tu: kwamba aliambiwa aje nyumbani kwanza, naye amekuja, na neno lile lilikuwa kweli.

Ndugu wazazi, alama zimekwisha kuandikwa, nasi hatuwezi kuziongeza hata moja. Lakini neno la kumwambia mtoto lingali katika vinywa vyetu. Mwambieni leo jioni, kabla simu haijalia.