Pambo la Kutengeneza Nyumbani na Hukumu Zake: Mafunzo ya Kidani cha Fadhala

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Ahali zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu leo utawakuta kina mama na mabinti wakifanya kazi ya mapambo. Huyu anatunga shanga za bangili, yule anatia vipuli kulabu mpya, mwingine anadarizi ukingo wa mtandio au anashona mkoba kutokana na kipande cha kanga. Wengine huvaa wenyewe wanachotengeneza. Wengine huuza kwa majirani na katika shughuli za harusi, na kwa kipato hicho hulipia ada za watoto.

Imamu anapoulizwa kuhusu kazi hii, mara nyingi hutoka majibu mawili. La kwanza ni kuwa mapambo ni upuuzi wa dunia na bora kuachwa. La pili ni kuwa hayo ni mambo ya wanawake, hayana hukumu ya kutafutwa vitabuni. Majibu yote mawili hayakusibu. La kwanza linaharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu, na la pili linamwacha dada yetu aingie katika riba au ghushi bila kujua. Katika makala haya tutaeleza asili ya jambo hili, kisha tutapitia maswali matatu yanayoamua hukumu yake: pambo limetengenezwa kwa nini, litavaliwa na nani, na litauzwaje.

ASILI YA PAMBO NI UHALALI

Katika Suratul Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anauliza kwa njia ya kukemea ni nani aliyeharamisha pambo alilowatolea waja wake. Na katika Suratun Nahl, aya ya 14, anahesabu miongoni mwa neema za bahari mapambo ambayo watu huyatoa humo wakayavaa. Kwa hiyo anayesema pambo fulani ni haramu ndiye anayetakiwa kuleta dalili.

Historia nayo inatuonesha kwamba mapambo ya Maswahaba wa kike hayakuwa ya dhahabu peke yake. Kidani kilichompotea Bibi Aisha (r.a.) safarini, katika kisa mashuhuri cha kuzuliwa uongo, kilikuwa cha jaz'i, yaani vijiwe vya Yemen vya jamii ya akiki vilivyotungwa uzini. Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya vidani vya wanawake, na humo ametaja sikhabu. Hiki ni kidani kinachotungwa kwa vitu vya kunukia, kama karafuu na mchanganyiko wa manukato, bila dhahabu wala fedha. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipowahimiza wanawake kutoa sadaka siku ya Idi, walivua pete, vipuli na sikhabu zao wakazitoa. Na Abu Huraira (r.a.) amesimulia kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) alifika nyumbani kwa Bibi Fatima (r.a.) akimuulizia mjukuu wake Hassan. Mtoto akachelewa kidogo kutoka, na Abu Huraira akadhani mama yake alikuwa akimwosha au akimvisha sikhabu.

Msomaji wa pwani hatashindwa kulielewa pambo hili. Bibi zetu wametunga vikuba na makoja ya asumini kwa mikono yao miaka mingi. Linalopasa kukumbushwa ni kwamba pambo la kunukia mahali pake ni nyumbani na katika mikusanyiko ya wanawake, kwani zimepokewa Hadithi zinazomkataza mwanamke kutoka na manukato akapita mbele ya wanaume ili waisikie harufu yake.

KAZI YA MKONO NI HESHIMA

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa hakuna chakula bora anachokula mtu kuliko kile cha kazi ya mkono wake, akatoa mfano wa Nabii Daud (a.s.). Na katika nyumba yake mwenyewe alikuwepo Bibi Zainab bint Jahsh (r.a.). Yeye alikuwa fundi. Akidabaghi ngozi na kuzishona, na pato lake akilitoa sadaka. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu zaidi kati yao. Wakawa wakipimana mikono, mpaka Bibi Zainab alipofariki mwaka wa 20 Hijria ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa utoaji.

Mke wa Abdullah bin Masoud (r.a.) naye alikuwa mwanamke mwenye kazi ya mikono, akimsaidia mumewe na watoto kwa pato lake. Alipouliza kama matumizi hayo yanahesabiwa, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kuwa ana malipo kwayo. Basi mume asimdharau mkewe anayetunga shanga ukumbini, wala imamu asiione kazi yake kuwa ni mchezo.

SWALI LA KWANZA: LIMETENGENEZWA KWA NINI?

Shanga za kioo, mbao, mbegu, shaba, marijani, lulu na makombe ya baharini ni halali kwa makubaliano. Ngozi ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni tohara. Ya mzoga hutoharika kwa kudabaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe katika madhehebu ya Imamu Shafi. Mifupa ya mzoga ina khitilafu: kwa Shafi ni najisi na kwa Abu Hanifa ni tohara. Hivyo fundi anayetumia vifungo vya mfupa ni salama kwake kujua mfupa huo umetoka wapi. Nywele za binadamu hazitumiki, kwani mwanadamu ana heshima yake, na katika Hadithi sahihi amelaaniwa mwenye kuunga nywele na mwenye kuungwa. Ama pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, sheria za nchi zetu zinawalinda wanyama hao, na Muislamu hajengi riziki yake juu ya magendo.

Umbo nalo linatazamwa. Bibi Aisha (r.a.) aliwahi kutundika pazia lenye picha za viumbe wenye roho, Mtume (s.a.w.) akalichukia. Bibi Aisha akalikata akalifanya mito. Hapa kuna faida kubwa kwa mafundi wetu: kitambaa chenye kasoro si lazima kitupwe, hubadilishwa kikafaa matumizi mengine. Kwa kidani, mtu achague maua, majani na nakshi, aache sanamu za wanyama na watu.

Zaidi ya hayo ni nia. Ushanga mweusi anaofungwa mtoto mkononi ukiwa ni pambo, ni pambo tu. Ukifungwa kwa kuitakidi kuwa unazuia jicho la hasidi, umekuwa hirizi, na Mtume (s.a.w.) amelikemea jambo hilo kwa ukali na kulihesabu katika shirki. Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu kinachoandikwa ndani yake Qur'ani peke yake, lakini ushanga mtupu hauna khitilafu hiyo. Basi muuzaji asiuze bangili kwa kuisifu kuwa ni kinga.

SWALI LA PILI: NANI ATAVAA?

Dhahabu na hariri ni halali kwa wanawake wa umma huu na haramu kwa wanaume wake. Mtume (s.a.w.) alikuwa na pete ya dhahabu akaivua na kuitupa, na watu wakatupa zao. Kisha akavaa pete ya fedha iliyochongwa maneno ya kumtaja yeye kuwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, akipigia muhuri barua zake. Pete hiyo ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (r.a.), mpaka ikaanguka katika kisima cha Aris. Kwa hiyo mwanamume ana pete ya fedha. Hana bangili wala mkufu wa fedha, na fundi akiombwa kumtengenezea kijana pete ya dhahabu ya harusi akatae, kwani kumtengenezea ni kumsaidia katika dhambi.

Vipi bangili za shanga na ngozi wanazovaa vijana? Hapa hukumu inarudi katika ada ya mahali. Imelaaniwa hali ya mwanamume kujifananisha na mwanamke, na kinachohesabiwa kuwa ni pambo la kike katika mji ndicho kinachokatazwa. Pasipo hilo, bora kwa kijana wa Kiislamu ni kujiepusha.

Ama kofia za mkono zinazoshonwa na kina mama wa Unguja, Lamu na Mombasa, na kanzu za darizi, ni pambo zuri la wanaume. Nyuzi za pamba hazina neno. Hariri halisi imeruhusiwa kwa kiasi kidogo tu. Umar (r.a.), katika khutba yake ya Jabia, aliwapa watu kipimo cha vidole viwili, vitatu au vinne, akikipokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.). Uzi wa kung'aa uliotengenezwa kiwandani kwa malighafi ya plastiki si hariri, hata kama wenye maduka huuita kwa jina hilo.

Kwa mwanamke, Suratun Nur, aya ya 31, imemkataza kupiga miguu chini ili ijulikane mapambo aliyoyaficha. Mtali wenye njuga ni halali kuutengeneza, na mwenye kuuvaa ajue mahali pake.

SWALI LA TATU: LITAUZWAJE?

Hapa ndipo penye uzito zaidi, na ndipo panaposahauliwa. Imamu Muslim amepokea kwamba Fadhala bin Ubaid (r.a.) alinunua siku ya Khaibar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akaelekeza kuwa kidani kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

Sababu yake ni hii. Dinari ni dhahabu. Dhahabu ikibadilishwa kwa dhahabu lazima uzito uwe sawa na makabidhiano yawe mkono kwa mkono. Shanga zikiingia kati zinaficha uzito, na riba inapita chini yake. Imamu Shafi amekataza mauzo ya namna hii kabisa. Abu Hanifa ameruhusu ikiwa dhahabu tupu inayolipwa inazidi ile iliyomo kidanini, ili ziada iwe ni thamani ya shanga.

Huenda mtu akasema: sisi hatuna dinari. Ni kweli, lakini mambo matatu yanatokea kila siku.

Kwanza, mteja analeta mkufu wake wa zamani, anachukua mpya wenye vito na kuongeza pesa. Hiyo ni dhahabu kwa dhahabu pamoja na ziada. Njia ya halali ni mteja auze wa zamani, apokee fedha zake mkononi, kisha anunue mpya kwa hiari yake.

Pili, dada anauza hereni za dhahabu kwa mkopo wa kulipana mwisho wa mwezi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa noti zina sifa kamili ya thamani na zinafuata hukumu za dhahabu na fedha katika riba. Kwa hiyo dhahabu na fedha zinauzwa kwa pesa taslimu, papo kwa papo. Mapambo ya shaba, mbao, kioo na plastiki hayamo katika hukumu hii. Hayo yauzwe kwa mkopo au kwa mafungu bila wasiwasi, maadamu bei na muda vimejulikana.

Tatu, mteja analeta dhahabu yake na shanga zake, anataka kutungiwa. Huu ni ujira wa kazi, na hauna tatizo. Kubaliana naye ujira kabla ya kuanza, na kipande kinachobaki ni amana, kirudishwe hata kama ni chembe.

Kisha kuna ghushi. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini pana unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha na akasema kwamba anayefanya ghushi si katika wao. Shaba iliyopakwa maji ya dhahabu iitwe shaba. Plastiki isiitwe marijani. Kulabu za vipuli zenye nikeli huwasha masikio ya baadhi ya watu. Anayejua na asiseme ameficha aibu ya bidhaa. Mnunuzi akipunguza bei baada ya kuambiwa ukweli, kilichobaki ni chenye baraka.

ZAKA NA UDHU

Shanga na vito havina zaka vikiwa vya kuvaa. Dhahabu na fedha za kuvaa hazina zaka kwa Malik, Ahmad na kauli yenye nguvu ya Shafi. Kwa Abu Hanifa zina zaka zikifika nisabu. Lakini vikiwa vya biashara, vyote, hata ushanga wa kioo, vinahesabiwa thamani yake kila mwaka na kutolewa asilimia 2.5, ikiwa vimefika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni karibu gramu 85.

Na jambo moja la kila siku: fundi anayetumia gundi akague vidole vyake kabla ya kutawadha. Tabaka la gundi iliyokauka huzuia maji kufika kwenye ngozi. Aiondoe kwa mafuta au maji ya moto kadiri awezavyo bila kujidhuru. Pete na bangili zinazobana zitikiswe ili maji yapite chini yake.

HITIMISHO

Tunawaomba maimamu wetu wasiishie kuwakumbusha wanawake namna ya kuvaa. Wawafundishe pia namna ya kuuza. Dada aliyekaa mkekani na sinia la shanga yuko katika njia aliyopita Bibi Zainab (r.a.), maadamu anapima kwa haki, anasema kweli, na anatoa katika alichoruzukiwa. Huenda ushanga wake wa shilingi chache ukawa mzito zaidi katika mizani kuliko kidani cha dhahabu kilichouzwa kwa riba.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na atukinge na haramu. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.