Vifaranga vya Namanga na mtoto asiyevaa sare

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, mpwa wangu wa miaka 12 huwa ameshasoma kipimajoto. Anaandika kwenye daftari: nyuzi 37.6, maji yamepungua kwenye sahani, umeme haukukatika usiku. Kisha anageuza mayai, moja moja, upande wenye alama ya penseli uende chini. Mashine yenyewe ni boksi la mbao lenye balbu mbili, aliloligongomea pamoja na fundi wa jirani. Watoto wa mtaa wanapopita na sare zao kwenda shule, yeye ndiyo kwanza ananawa mikono.

Hasomi shule yoyote. Anasomeshwa nyumbani, upande wa Kenya wa mji wa Namanga, na mama yake ambaye ni dada yangu na mwalimu kwa taaluma. Bibi yake mzaa mama yuko Arusha, kilomita zaidi ya 100 kutoka hapo.

Yalianza na korona. Kenya ilifunga shule Machi 2020, mtoto akiwa chekechea, na kuzifungua kikamilifu Januari 2021. Tanzania watoto walirudi darasani mwishoni mwa Juni 2020. Uganda walikaa nyumbani karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Wazazi wengi wa kanda hii walihesabu siku. Dada yangu akaona binti anasoma vizuri zaidi akiwa nyumbani, na shule zilipofunguliwa hakumrudisha.

Nakiri nilidhani ni anasa. Nilikwenda Namanga mwezi uliopita nikiwa na hoja zangu tayari, na nilikaa siku nne.

Hoja ya kwanza iliishia kwenye lile daftari. Mara ya kwanza binti alitotolesha mayai 30. Siku ya saba aliyamulika kwa tochi gizani. Matano hayakuwa na mishipa ya damu, akayatoa. Wiki ya pili umeme ukakatika usiku kucha. Siku ya 21 vikatoka vifaranga 11. Akamwambia baba yake amefaulu kwa asilimia 44. Baba, ambaye ni mfanyabiashara, akapiga hesabu kwenye simu akasema ni 37. Walibishana siku mbili na mama hakuwasaidia. Mwishowe mtoto akagundua wote wako sawa: yeye aligawa kwa mayai 25 yaliyokuwa na mbegu, baba kwa mayai yote aliyonunua. Ya kwanza inapima mashine, ya pili inapima mfuko. Mimi asilimia nilizikariri darasa la tano na nikazisahau likizo.

Vifaranga vilimfundisha mengine. Vikijikusanya chini ya taa vina baridi, vikikimbilia pembeni na kuhema joto limezidi. Hahitaji kipimajoto kujua. Bibi yake alimwonyesha jinsi ya kutia tone la chanjo ya mdondo, ugonjwa ambao Wakenya wengi huuita Newcastle, kwenye jicho la kuku na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kuku watatu walimponyoka siku ya chanjo ya kwanza. Wawili kati ya hao baadaye waliugua wakafa. Amewaandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu.

Nilipokuwa pale aliniuliza swali lililonikwamisha. Bibi anataka vifaranga kumi. Je, anaweza kupanda navyo gari na kuvuka? Nikamwambia hapana, mpaka kibali na cheti cha daktari wa mifugo.

“Mjomba, si ni Afrika Mashariki moja?”

Ninaandika habari za jumuiya hii kwa kazi, na sikuwa na jibu fupi. Nikamsimulia kisa cha mwaka 2017, pale pale Namanga, ambapo mamlaka za Tanzania ziliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali, kwa maelezo ya kuzuia mafua ya ndege. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake akaniletea kurasa mbili: moja kaandika kama ofisa wa mifugo, nyingine kama mwenye vifaranga. Ya ofisa ilikuwa na nguvu zaidi, na alijua hivyo. Ilimkera.

Basi tatizo liko wapi? Liko nje ya geti.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Anayekaidi bila sababu ya msingi, baada ya kupewa notisi ya maandishi, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 za Kenya au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo haielezi utaratibu wa kumsajili na kumkagua mtoto anayesomeshwa nyumbani.

Sheria hii sitaidharau. Kajiado ni nchi ya wafugaji. Kwa miaka mingi mtoto aliyebaki nyumbani na mifugo alikuwa mtoto aliyenyimwa shule, na akiwa wa kike mara nyingi alikuwa njiani kuozwa. Chifu anayempita binti akichunga kuku saa nne asubuhi ana kila sababu ya kusimama na kuuliza. Kwa macho tu, mpwa wangu hatofautiani na mtoto ambaye sheria ilitungwa kumwokoa. Kinachowatenganisha ni daftari, na hakuna ofisi yenye kazi ya kulisoma.

Pia si kila nyumba ina mwalimu. Dada aliacha mshahara ili afanye hivi, na wapo wazazi wanaosema wanafundisha nyumbani huku mtoto akiangalia televisheni. Hao nao hakuna anayewakagua.

Halafu kuna cheti. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambue vyeti vya elimu vya wenzao. Lakini binti hana cheti cha kutambuliwa, awe Namanga ya Kenya au ng'ambo kwa bibi. Mtihani wa Gredi ya Sita husajiliwa kupitia shule. Wazazi wengine wa aina hii huwapeleka watoto kwenye mitihani ya Cambridge kama watahiniwa binafsi, na ada zake si za nyumba inayouza mayai kwa trei.

Shemeji yangu amechoka na mashaka. Anataka binti aingie shule muhula ujao, avae sare, apate namba. Dada anaogopa lile daftari litafungwa. Binti mwenyewe, nilipomuuliza faraghani, alisema angependa kuwa na marafiki wa rika lake, ila nani atageuza mayai saa nne?

Jumapili nilipoaga, mayai yalikuwa siku ya 18. Hayageuzwi tena, alinieleza. Kifaranga ameshakaa mkao wa kutoka. Jumatatu mama yake alikuwa na miadi na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, kuuliza kama anaweza kumsajili mtoto kwa mtihani tu. Alikuwa amelifunga daftari kwenye gazeti, akaliweka ndani ya mkoba.