Fahamu: Kura ya Bougainville na Hatima ya Papua Guinea Mpya
Mwishoni mwa mwaka 2019 wakaazi wa Bougainville, eneo la Papua Guinea Mpya lenye mamlaka ya ndani, walipewa karatasi yenye visanduku viwili, cha kwanza madaraka makubwa zaidi ya ndani, cha pili uhuru, na asilimia 98 na ushei ya kura ikaangukia hicho cha pili; walakini ushindi huo haukuwapa dola, kwa kuwa mkataba wa sulhu wa mwaka 2001, uliotiwa saini baada ya vita vilivyochochewa na mgodi wa shaba wa Panguna na kuangamiza maelfu ya roho, ulishurutisha kwamba matokeo yajadiliwe na serikali mbili, ya Bougainville na ya Papua Guinea Mpya, kisha Bunge la taifa lililoko Port Moresby, mji mkuu, ndilo liwe na kauli ya mwisho.

Hapo ndipo penye fundo. Port Moresby yachelea kwamba majimbo mengine, mathalani New Ireland na Enga, yaliyokwisha kudai madaraka zaidi, yatafuata nyayo. Hofu hiyo ina sababu, ingawa si udhuru wa kuahirisha jambo milele. Bougainville, chini ya Rais Ishmael Toroama, aliyekuwa jemadari wa waasi, imekwisha kuitaja tarehe yake ya uhuru: 1 Septemba 2027.