Bangkok msimu wa baridi: Kalenda nayo ni mtaji

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI moja ya Desemba, katika mtaa wa Pratunam jijini Bangkok, mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama kando ya meza ya nguo akisubiri duka lifunguliwe. Wauza uji na kahawa walikuwa wamevaa masweta. Mmoja alijifunga skafu shingoni. Pembeni alikuwepo mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo za watoto wa Kariakoo, Dar es Salaam, amejitanda khanga moja tu na anajipepea kwa karatasi ya hesabu.

"Mama, wenzako wanasikia baridi," nilimwambia kwa utani.

"Mwanangu, hii ni baridi?" alijibu. "Mimi nimetoka Dar juzi, kule jua linachoma. Hapa nimekuja kupumzika."

Alikuwa na haki ya kucheka. Bangkok ya Desemba hushuka hadi nyuzijoto 22 hivi alfajiri na kupanda hadi 31 au 32 mchana. Dar es Salaam ya Julai ina baridi kuliko hiyo. Lakini kwa wenyeji wa Bangkok, ambao Aprili huishi katika nyuzijoto 35 na zaidi, hiki ndicho kipindi cha neema. Bado wazee wanakumbuka Januari 1955, pale kipimo kiliposhuka chini ya nyuzi 10.

Hata hivyo, mama huyo hakuwa amekuja kupumzika. Alikuwa na orodha ya bidhaa, fedha alizokusanya mwaka mzima na siku sita za kukaa. Baadaye alinieleza jinsi safari yake ya kwanza katika msimu huu huu ilivyomtia hasara. Kisa chake ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu wengi wetu tunauliza bei ya tiketi na bei ya nguo, tukasahau kuuliza kalenda.

Upepo ni ule ule

Msimu wa baridi na ukavu wa Thailand huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha katikati ya Februari. Kila mwaka Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo hutangaza rasmi kwamba msimu umeingia. Unachouleta ni upepo wa kaskazini mashariki, unaotoka nchi za baridi za China na Mongolia, ukiwa mkavu.

Msomaji wa pwani ataujua upepo huo kwa jina lingine. Ni ndugu wa kaskazi yetu, ile iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na India Zanzibar na Mombasa kati ya Desemba na Machi. Chanzo chake ni kile kile, yaani bara la Asia linapopoa na kusukuma hewa kuelekea kusini. Tofauti ni kwamba kwao unafika ukiwa na ubaridi, na kwetu unafika baada ya kupita juu ya bahari yenye joto, ndiyo maana sisi tunatokwa jasho wakati wao wanatafuta masweta.

Mvua nayo hukatika. Septemba pekee jiji hilo hupata zaidi ya milimita 300 kwa wastani, wakati Desemba haifiki milimita 20. Barabara zinapitika, vibanda vya nje vinafunguliwa hadi usiku, na watalii wanamiminika. Kwa hiyo vyumba vya wageni hupanda bei, hasa kuanzia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya. Mfanyabiashara asiyejua hilo atakula sehemu ya mtaji wake kitandani.

Gogo la mgomba lageuka fedha

Jambo la kwanza ambalo mkulima wetu angeliona akifika Novemba ni biashara ya migomba. Usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wa 12 katika kalenda yao, ambao mara nyingi huangukia Novemba, wananchi husherehekea Loy Krathong. Kila familia huelea majini kibakuli kidogo chenye mshumaa, ubani na maua, kama shukrani kwa maji.

Kibakuli hicho cha asili ni kipande cha gogo la mgomba kilichokatwa mviringo, kikazungushiwa majani ya mgomba yaliyokunjwa kwa ustadi na kuchomekwa maua. Siku chache kabla ya sherehe, soko la maua la Pak Khlong Talat, kando ya mto Chao Phraya, huuza vipande vya magogo, majani na maua. Akina mama na wanafunzi hununua, husuka vibakuli na kuviuza kando ya mto na mabwawa.

Ukubwa wa soko hilo unajulikana kwa sababu halmashauri ya jiji huopoa na kuhesabu vibakuli kesho yake asubuhi. Mwaka 2023 walihesabu zaidi ya 600,000, na sehemu kubwa sana ilikuwa ya vitu vya asili vinavyooza. Vile vya plastiki ngumu vimepigwa vita, na kwa hiyo aliyefaidika ni mwenye shamba la migomba.

Kwetu Bukoba, Rungwe au Kilimanjaro, mkungu ukishakatwa, gogo huachwa lioze shambani au hupewa ng'ombe. Hakuna ubaya, ni mbolea na ni chakula cha mifugo. Sisemi tuanze kuelea vibakuli. Ninachosema ni kwamba wenzetu wanaijua siku ambayo taka ya shambani ina mnunuzi, na wanaifikisha sokoni siku hiyo, si wiki moja baadaye.

Ukwaju katika boksi

Mkabala na soko kubwa la Chatuchak, ambalo hujaa mwisho wa wiki, lipo soko la mazao liitwalo Or Tor Kor. Linaendeshwa na Shirika la Masoko kwa Wakulima, lililo chini ya Wizara ya Kilimo. Ni safi, lina mwanga, na kila tunda limepangwa kwa ukubwa wake. Bei zake ni za juu, lakini wateja wapo.

Anayefika Desemba au Januari akitarajia maembe na duriani, matunda yanayoipa Thailand sifa, atakuwa amewahi mno, maana yale ni ya Aprili na kuendelea. Msimu wa baridi una mazao yake: machenza, stroberi za nyanda za kaskazini, na ukwaju.

Ndiyo, ukwaju. Huu wetu wa Dodoma, Singida na pwani, ambao mti wake asili yake ni Afrika. Katika mkoa wa Phetchabun, kaskazini mwa Bangkok, wakulima wanalima ukwaju mtamu usio na ukali. Hawakuupata kwa miujiza. Walichagua miti michache iliyozaa matunda matamu, wakaiendeleza kwa kubebesha vikonyo, kama sisi tunavyobebesha miembe na michungwa. Ukwaju huo huvunwa tangu Desemba hadi Februari, hupangwa ukiwa na ganda lake zima, hutiwa katika boksi lenye jina la mkoa na kuuzwa kama zawadi ya Mwaka Mpya.

Linganisha na ukwaju wetu. Huokotwa chini ya mti usio na mwenyewe, humenywa, hushindiliwa katika gunia na kuuzwa kwa lumbesa kwa wauza juisi. Mti ni ule ule. Wao wamechagua mbegu, wamepanga madaraja na wanajua mwezi wa kuuza.

Mchele ni vivyo hivyo. Mpunga wao maarufu wenye harufu nzuri, Hom Mali, hutoa maua siku zinapokuwa fupi mwezi Oktoba, na huvunwa kuanzia Novemba. Kwa hiyo Desemba ndipo mchele mpya unapofika madukani, na mnunuzi anayejua huuliza kama ni wa mwaka huu. Mkulima wa Kyela, ambaye mchele wake unanukia lakini huchanganywa na wengine njiani, ana la kujifunza hapo. Jina la mchele lisipolindwa, faida huenda kwa anayechanganya.

Siku saba za kukaa bure

Turudi kwa mama wa Kariakoo. Mwaka wake wa kwanza alisafiri mwezi Februari. Alikopa sehemu ya fedha kwenye kikundi, akakata tiketi ya bei nafuu na kufika Bangkok akiwa na siku tisa. Siku ya pili alikwenda Sampeng, ile njia nyembamba ya mtaa wa Wachina inayouza vifungo, zipu, shanga na vitu vya watoto kwa jumla. Akakuta milango imeshushwa.

"Nilidhani kuna msiba," alisema. "Nikauliza kwa ishara, wakanionyesha taa nyekundu zilizotundikwa. Ndipo nikajua ni Mwaka Mpya wa Wachina."

Sikukuu hiyo huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na tarehe hubadilika kila mwaka. Sehemu kubwa ya Thailand haina mapumziko ya serikali siku hiyo, kwa hiyo mara nyingi haionekani katika orodha ya sikukuu za nchi. Lakini maduka mengi ya jumla ya Bangkok ni ya familia zenye asili ya China, nao hufunga siku kadhaa. Mama huyo alikaa siku saba akilipia chumba na chakula. Siku mbili za mwisho alinunua kwa pupa, kwa bei aliyopewa. Deni la kikundi alilimaliza baada ya miezi minane.

"Tangu siku hiyo, kabla ya tiketi nanunua kalenda," alisema.

Kalenda hiyo ina mambo mengine. Desemba 5 na 10 ni sikukuu za kitaifa, na kuanzia Desemba 30 hadi Januari 2 viwanda vingi hufunga na madereva wa malori hurudi vijijini. Mzigo wa meli kutoka bandari ya Laem Chabang hadi Dar es Salaam huchukua wiki kadhaa, ukiacha siku za kuutoa bandarini. Kwa hiyo anayenunua Desemba akitarajia kuuza Krismasi hiyo hiyo ameshachelewa, labda abebe kwa ndege na kulipa gharama yake. Miaka hii Desemba inafaa zaidi kwa mzigo wa Idd, ambayo inaangukia Machi na kurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka.

Moshi na mafuriko

Msimu huu una ubaya wake pia. Mwanzoni, mvua inapokatika Bangkok, maji ya mikoa ya kaskazini huwa bado yanateremka na mto Chao Phraya. Mwaka 2011 maji hayo yaliingia viwandani na mijini Oktoba na Novemba. Watu zaidi ya 800 walifariki dunia nchini humo katika mafuriko ya mwaka huo, na uwanja wa ndege wa Don Mueang ulifungwa hadi Machi 2012. Anayesafiri mwanzoni mwa Novemba afuatilie habari za mto huo.

Kuanzia Desemba hadi Machi tatizo ni moshi. Hewa baridi hutulia chini na kuzuia moshi wa magari, na wakulima nao huchoma mabua ya mpunga na mashamba ya miwa. Januari 2025 shule zaidi ya 350 za Bangkok zilifungwa kwa ajili ya vumbi laini, na serikali ikaruhusu watu wapande treni na mabasi bure kwa wiki moja ili waache magari. Mwenye pumu abebe dawa zake. Wakulima wetu wa miwa wa Kilombero na Mtibwa nao wajue kwamba huko viwanda hukata bei ya miwa iliyochomwa. Mambo ya namna hiyo huanza kwa jirani.

Kabla ya kukata tiketi

Thailand hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wa Tanzania, Kenya na Uganda, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Mei 1, 2025, kila mgeni hujaza fomu ya kuingia nchini kwa njia ya intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Masharti ya viza hubadilika, hivyo yathibitishwe ubalozini.

Kutoka uwanja wa Suvarnabhumi ipo treni hadi kituo cha Ratchaprarop, jirani na Pratunam, ambayo ni nafuu kuliko teksi. Mjini, boti za mfereji wa Saen Saep hukwepa foleni na zina gati Pratunam. Katika maduka mengi bei ya jumla huanzia vipande vitatu, kwa hiyo wawili wakichangia mzigo, mwenye mtaji mdogo naye hupata bei hiyo.

Jioni ile nilimkuta mama yule akifunga marobota yake kwa kamba. Wauza kahawa walikuwa wamevaa tena masweta yao. Nilimuuliza kama atarudi msimu kama huu mwakani.

"Nitarudi," alisema. "Ila nitakuja Novemba mwishoni. Chumba bado rahisi, maduka yako wazi, na mzigo utafika nikiwa na muda wa kuupangia bei. Nikichelewa, mwanangu, nitakuwa namfanyia kazi mwenye hoteli."