Ngamia, kipindupindu na tembe moja iliyobaki

Ukitoka soko la mifugo la Garissa, kabla vumbi halijaisha miguuni, huhangaiki sana kupata duka la dawa za mifugo. Mfugaji huingia, hueleza kwa maneno machache kwamba ngamia anakohoa au kiwele kimevimba, naye hutoka na chupa. Kioevu kilichomo ni cha manjano iliyokolea, kama chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Hiyo ni oksitetrasaiklini. Cheti cha daktari wa mifugo hakiulizwi, na kusema kweli, akitoe wapi? Daktari mwenyewe huenda yuko mwendo wa siku nzima, na mnyama ni wa leo.

Hebu tupige hesabu ya chupa hiyo. Dawa ikiwa ya asilimia 20, ngamia wa kilo 400 anahitaji mililita 40. Chupa ya mililita 100, basi, ni ya ngamia wawili na kidogo. Mwenye wagonjwa watano afanyeje? Anawagawia. Kila mmoja mililita 20, sindano ile ile, shingo baada ya shingo, uzito umekadiriwa kwa jicho. Bakteria wanyonge hufa. Wenye ubishi hubaki, na malisho yote sasa ni yao.

Haya si mambo ya kubuni. Watafiti waliochunguza ngamia wa Kenya wamewakuta na bakteria aitwaye Streptococcus agalactiae, ambaye miongoni mwa maovu yake ni kuharibu kiwele, na sehemu ya bakteria hao hawajali tena tetrasaiklini. Siri yao iko kwenye jeni inayotengeneza protini ya ajabu: dawa ikishakwama kwenye kiwanda cha ndani cha bakteria, protini hiyo huibandua na kazi ikaendelea kama kawaida. Ubaya ni kwamba jeni ya namna hii haikai nyumbani. Huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wasio wa ukoo mmoja. Nayo maziwa ya ngamia, kama ajuavyo kila aliyekulia huku, hunywewa mabichi, kutoka kibuyu kilichofukizwa moshi.

Mkazi wa mjini atauliza, kiwele cha ngamia kinanihusu nini? Kinamhusu kwa sababu ya kipindupindu.

Mlipuko uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ulifika Garissa na kuingia kambi za wakimbizi za Dadaab, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wamekuwa wakiishi kwa kubanana, maji yakiwa ya foleni na vyoo vya kushirikiana. Wodi ya kipindupindu ukiiona mara moja huisahau. Kitanda kina tundu katikati, chini ya tundu kuna ndoo, na muuguzi huitazama ndoo mara nyingi kuliko uso wa mgonjwa, maana ndiyo inayomwambia ni maji kiasi gani ya kurudisha. Kinachookoa maisha hapo kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, na dripu kwa aliyezidiwa. Antibiotiki huja nyuma: hufupisha siku za kuhara na kupunguza vijidudu vinavyomwagika kwenye ndoo ile. Katika kambi iliyojaa watu, hilo la pili si dogo.

Tembe zinazopendekezwa kwa kazi hiyo ni tatu: doksisaiklini, azithromaisini na siprofloksasini. Mwishoni mwa 2024, watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris walieleza safari ya kipindupindu sugu kilichotambuliwa Yemen katika mlipuko wa 2018 na 2019. Kilikutwa Lebanon 2022, hapa Kenya 2023, kisha Tanzania, Komoro na Mayotte 2024. Dawa kumi hazikiwezi, zikiwemo azithromaisini na siprofloksasini. Katika zile tatu imebaki doksisaiklini.

Na doksisaiklini ni tetrasaiklini. Ni ndugu wa tumbo moja na ile ya chupa ya manjano.

Sisemi kwamba usugu wa kiwele umeshaingia kwenye kipindupindu. Ninachosema ni kwamba tembe tunayoitegemea Dadaab inatoka katika ukoo tunaoupunja kila siku malishoni, na wizara mbili, ya Afya na ya Kilimo, ziliungana kwenye mpango wa kitaifa wa 2017 kwa sababu hiyo hiyo: dawa haijui mpaka kati ya mtu na mfugo. Mpango uliandikwa vizuri. Mfugaji wa chupa moja na ngamia watano sidhani kama amewahi kuuona.

Tutajuaje siku tembe hiyo nayo ikigoma? Ni maabara tu itakayotwambia. Mwaka 2022 uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulipata kwamba kati ya maabara 50,000 za tiba, zinazopima bakteria ni asilimia 1.3 pekee. Kipimo chenyewe hakina makeke. Bakteria hupakwa kwenye sahani yenye chakula kama jeli, juu yake huwekwa vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kisha sahani hulala usiku kucha kwenye joto la mwili. (Vipo vijidudu vinavyotaka jeli yao itiwe damu ya kondoo; kondoo, kwa Garissa, si tatizo.) Asubuhi fundi huchukua rula. Karatasi iliyozungukwa na duara safi lenye upana wa kutosha, dawa bado inafanya kazi. Bakteria wakiota hadi ukingoni mwa karatasi, imekwisha.

Ila kipindupindu hakingoji sahani. Mgonjwa anaweza kufa kwa saa chache, hivyo muuguzi humpa tembe aliyo nayo na kuendelea kuhesabu ndoo. Duara linapopimwa, aliyekuwa kitandani ameshakwenda kwao, au amezikwa. Majibu ni ya yule atakayeletwa Jumatatu.